Viatu vya misumari vya shilingi 1,800: tathmini baada ya mbio zangu za kwanza za nyika

Nimekimbia barabarani kwa miaka 6 na kumaliza nusu marathoni 4, na kwa muda huo wote sikuwahi kufikiri kwamba ningehitaji kiatu chenye misumari, kwa kuwa niliviona viatu hivyo kuwa mali ya wanariadha wa kulipwa na ya wanafunzi wa shule zenye viwanja. Fikira hiyo ilibadilika mwezi Novemba, kikundi chetu cha wakimbiaji wa mtaani kilipoalikwa kushiriki mbio za nyika karibu na Limuru, katika malisho ya shule moja yaliyoinama kama paa. Tulikwenda kuyatazama wiki 3 kabla ya siku yenyewe, tukayajaribu kwa raba zetu za kawaida asubuhi umande ukiwa bado haujakauka, nami nikaumalizia mteremko wa kwanza kwa makalio. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi.

Tathmini hii inahusu jozi niliyoinunua siku hiyo. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu viatu vilikwisha kuvaliwa na mtu mwingine kabla ya kunifikia, na si haki kuihukumu kampuni kwa kasoro ambazo huenda zilitokana na miaka ya kukaa guniani. Ninachoweza kukieleza kwa uhakika ni aina ya kiatu chenyewe, namna kilivyofanya kazi kwenye mguu wa mama wa miaka 38 asiye na kasi ya kutisha mtu, na kama fedha zangu zilikwenda mahali pake.

Muuzaji alikuwa amevitundika kwa kamba zake miongoni mwa njumu za kandanda, na alinieleza kwa imani kamili kwamba ni njumu za mtoto ambazo meno yake yamekwisha. “Mama, mchukulie kijana, atacheza nazo mpaka Krismasi,” alisema. Nilivigeuza nikaona soli ya mbele yenye matundu 6 ya skrubu katika kila kiatu, mawili kati ya hayo yakiwa bado yameshikilia vipande vya misumari iliyoota kutu, nikaamua kunyamaza. Bei ilianzia shilingi 3,000 na kuishia 1,800, na sina shaka kwamba ningelitamka neno “riadha” ingepanda tena. Katika maduka 2 ya vifaa vya michezo niliyoyapitia mjini juma lile, jozi mpya ya aina hiyo ilizidi mara 5 ya bei hiyo, na katika moja ya maduka hayo nambari yangu haikuwapo.

Viatu hivi huvaliwa vikibana kuliko raba. Nilivua soksi, nikasimama juu ya boksi lililokunjuliwa, nikainuka kwa vidole mara kadhaa ili nione kama kisigino kinachomoka, na kilipokaa imara niliridhika. Hapo ndipo nilipokosea kidogo, kwa kuwa nilikipima kiatu mahali tambarare ilhali nilikuwa nakwenda kukitumia mlimani. Mtu anapoteremka kwa kasi, mguu husukumwa mbele ndani ya kiatu, na kidole kinachogusa ncha ya kiatu sokoni hugongana nayo mamia ya mara kwenye mteremko. Kucha ya kidole gumba cha kulia ilikuwa nyeusi kufikia Jumatatu baada ya mbio. Ningekuwa nanunua leo ningechukua nusu nambari zaidi na kuvaa soksi nyembamba.

Kwa uzito hakuna mjadala. Jirani yangu anayeoka keki alinipimia kwenye mizani yake, kiatu kimoja kikawa gramu 168, wakati raba yangu ya barabarani ilikuwa gramu 262. Tofauti hiyo hutokana hasa na soli, ambayo hapa ni nyembamba hata kuliko ndara, na kisigino hakina mto wowote wa kupokea kishindo. Hadi Oktoba 2024 kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani ziliruhusu soli ya kiatu cha misumari katika mbio za nyika ifikie unene wa milimita 25; hiki changu hakifiki hata nusu yake, na mtu aliyezoea raba za kisasa zenye povu nene atahisi kila jiwe, kila kishina na kila alama ya kwato ya ng’ombe iliyokauka udongoni. Kinachokitofautisha na kiatu cha misumari cha uwanjani ni kwamba soli yake imefunikwa mpira wenye meno madogo toka mbele hadi kisiginoni, ilhali vile vya uwanjani mara nyingi huwa na bamba gumu mbele na nyuma laini isiyoshika kitu. Anayenunua mitumba aangalie jambo hilo kwanza, kwa sababu kwenye nyasi za mlimani kisigino nacho hukanyaga.

Misumari iliyoganda ilimshinda fundi viatu wa mtaani, lakini haikumshinda fundi wa baiskeli, ambaye alidondoshea mafuta kwenye matundu, akaviacha viatu usiku mzima na asubuhi akaing’oa kwa koleo. Alinitoza shilingi 100. Seti ya misumari mipya 12 pamoja na kiufunguo chake ilinigharimu shilingi 600 katika duka la tatu nililouliza, na hapo nilikutana na swali ambalo sikulitarajia: urefu gani? Misumari hii huuzwa kwa milimita, na iliyozoeleka ni ya 6, 9, 12 na 15. Kwenye ardhi ya asili kanuni zinaruhusu hata milimita 25, na idadi isiyozidi misumari 11 kwa kiatu, lakini sijaona mtu wa kawaida aliyefika huko. Muuzaji alinishauri nichukue za 6 kwa sababu ndizo watu wengi huchukua, jambo ambalo ni kweli kwa wanaokimbia uwanjani.

Nashukuru sikumsikiliza. Kikundi chetu kina mwalimu mstaafu wa elimu ya viungo ambaye sote humwita Mwalimu, naye siku ile ya kutazama uwanja alikuwa ametoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akaupenyeza wima kwenye nyasi mpaka ukagota, akaweka ukucha wake pale nyasi zilipoishia na kunionyesha. “Tazama, mama. Kutoka hapa mpaka udongoni ni karibu kiungo kizima cha kidole. Ukiweka za 6 utakuwa unakanyaga godoro.” Nyasi zinazoota pale ni zile ambazo hata nje ya nchi huitwa nyasi za Kikuyu, kwa kuwa asili yake ni nyanda zetu za juu, nazo zimesambazwa hadi Australia na Afrika Kusini zikawa za malisho na za viwanja. Mashina yake hutambaa na kusukana juu ya ardhi, tabaka juu ya tabaka, hata mguu hudidimia na kurudi juu kabla haujakutana na udongo wowote. Msumari mfupi hukwama katikati ya msukano huo na kuteleza pamoja nao. Nilichukua za milimita 12, na nikiulizwa jambo gani moja liliamua kama viatu hivi vitafaa au havitafaa, nitalitaja hilo kabla ya kiatu chenyewe.

Siku ya mbio tulikuwa wanawake 47 kwenye mstari wa kuanzia, na umbali ulikuwa kilomita 6 zilizogawanywa katika mizunguko 3. Kila mzunguko ulianza na malisho mapana ya mita kama 300, ukaingia njia nyembamba kando ya ua wa miti, ukapanda kilima kirefu, ukazunguka mti mmoja mkubwa juu yake, ukateremka kwa ghafla hadi kwenye bonde lenye majimaji, ukakata barabara ya murram (udongo wenye changarawe) na kupanda tena taratibu hadi mwanzo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mkimbiaji wa barabarani hajui mwanzo wa namna ile: kwa kuwa njia itasonga baada ya mita 300, kila mtu hukimbia kana kwamba mbio zinaishia pale, viwiko vinagongana, na anayechelewa huikuta njia imezibwa na migongo. Nilikwenda nao kwa dakika moja hivi na kulipia ujinga huo kwa mizunguko yote iliyobaki. Viatu havina lawama katika hilo, ingawa wepesi wake ulinidanganya kwamba nina mguu nisio nao.

Nilitarajia misumari inisaidie kupanda. Picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya mtu anayeng’ata ardhi kwa vidole na kujivuta juu, na nadhani wengi wanaonunua viatu hivi kwa ajili ya vilima wana picha hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Kwenye kilima kile hatua zangu zilikuwa fupi na za polepole kiasi kwamba hata raba ingeshika, na kilichonizuia kilikuwa pumzi, kwa maana Limuru iko juu ya Nairobi kwa mamia ya mita na mapafu huyajua hayo bila kuambiwa. Tena kisigino kisicho na mto kilinilazimisha kukimbilia vidole, na mashavu ya miguu, ambayo kwenye raba hubebewa sehemu ya kazi, yakaanza kuwaka moto kabla sijaufikia mti. Machi 2019, huko Aarhus nchini Denmark, waandaaji wa mashindano ya dunia ya nyika waliwapandisha wakimbiaji juu ya paa la nyasi la jumba la makumbusho la Moesgaard, na nakumbuka nikiyatazama kwenye televisheni nikijiuliza mbona watu wenye miguu ile wanapunguza mwendo. Sasa najua, na mimi nilipunguza kuliko wao.

Thamani ya kiatu ilijitokeza upande wa pili wa mti. Kwenye raba, siku ile ya majaribio, nilikuwa nikiteremka nimeegemea nyuma, visigino vimetangulia na mikono imetanuka kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, na kila hatua ilikuwa ya kujizuia. Mzunguko wa kwanza niliteremka hivyo hivyo kwa mazoea, kisha nikagundua kwamba mguu unapotua hautoki ulipotua. Mzunguko wa pili niliegemea mbele kidogo, nikatua kwa katikati ya unyayo, nikaiacha miguu iende, na kwa mara ya kwanza tangu mbio zianze nilimpita mtu, kisha wa pili, wote wakiwa na raba na wote wakishuka kwa ile namna ya kuvuka gogo. Bondeni, mahali maji yalipokuwa yamesimama chini ya nyasi, dada mmoja wa kikundi chetu aliyekuwa mbele yangu kwa raba zake mpya alikata kona na miguu yote miwili ikamtoroka. Mimi nilipita palepale nikasikia tu mlio wa misumari ikichomoka topeni, chwa, chwa, kama mtu anayechuna ganda la ndizi mbivu. Nilimpa pole bila kusimama, jambo ambalo bado ananikumbusha.

Lakini kushika kuna gharama zake. Msumari hauchagui kati ya udongo na mashina ya nyasi, na kwenye kona ya mtini, mzunguko wa pili huo huo, ulinasa katika shina moja linalotambaa na kunisimamisha mguu wa kushoto huku mwili ukiendelea na safari. Sikuanguka, ila goti lilijipinda kwa namna ambayo sitaki irudie. Raba ingeteleza na kunisamehe. Mwenye historia ya maumivu ya goti au ya kifundo cha mguu alifikirie jambo hili kwa makini, na yeyote anayevaa viatu hivi ajifunze kuinua miguu kwenye kona badala ya kuiburuta, jambo ambalo ni rahisi kuliandika na gumu kulitenda kilomita ya 4.

Kipande cha murram hakikuzidi hatua 20, nacho ndicho kilichoharibu zaidi. Misumari ilipiga kelele kwenye vijiwe, unyayo ukahisi kila ncha ikirudi juu kuelekea ndani ya kiatu, na baada ya mbio nilikuta misumari 4 ya mbele imelika ncha zake hadi kuwa butu. Wenye uzoefu walikuwa wakikimbilia kwenye ukingo wa nyasi kando ya njia, mahali penye upana wa mguu mmoja tu, na mimi niliwafuata mzunguko wa tatu nilipokwisha kuelewa kwa nini wanapinda.

Ni lazima niseme pia kuhusu wasichana wa shule. Wapatao 15 kati ya wale 47 walikuwa wanafunzi wa sekondari za karibu, na angalau 8 miongoni mwao walikimbia pekupeku. Waliteremka mlima ule vidole vimetanuka, wakitua kwa wepesi kama mbuzi, na hakuna hata mmoja wao niliyempita. Msichana mmoja alinijia baada ya mbio, akabonyeza ncha ya msumari kwa kidole, akaniuliza kwa adabu kama hainichomi kwa ndani. Nilimweleza kwamba inachoma kidogo kwenye mawe. Alitazama nyayo zake mwenyewe, akacheka, akaniambia zake pia.

Mizunguko yangu ilikuwa dakika 10:48, 11:35 na 11:10, jumla 33:33, nafasi ya 31. Naitaja mizunguko kwa sababu inaeleza habari ya kiatu kuliko nafasi inavyoeleza: mzunguko wa tatu ulikuwa wa kasi kuliko wa pili ingawa nilikuwa nimechoka zaidi, na nafuu hiyo yote niliipata kwenye mteremko, kwenye kona na kando ya murram, mahali ambapo nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mguu utabaki nilipouweka. Kwenye mwinuko wa mwisho sikupata chochote. Mwinuko wa mwisho hauna huruma kwa yeyote: Februari 2023, huko Bathurst nchini Australia, Letesenbet Gidey wa Ethiopia alikuwa akiongoza mashindano ya dunia ya nyika akaanguka hatua chache kabla ya utepe, na Beatrice Chebet wetu akampita na kuchukua dhahabu. Nilimkumbuka Gidey nilipokuwa mita 50 kutoka mwisho, nikaamua kutembea hatua 3 kwa heshima yake.

Nilipovigeuza viatu nilikuta kimoja kina misumari 5 badala ya 6. Kosa lilikuwa langu, maana Mwalimu alikuwa ametuagiza tukaze upya misumari baada ya kupasha mwili moto, kwani hulegea mara ya kwanza inapopigwa na ardhi, nami nilikuwa kwenye foleni ya msalani wakati wenzangu wanakaza. Kasoro iliyo ya kiatu chenyewe ni gundi ya nchani, ambayo iliachia upande wa kulia kwa upana wa kidole baada ya kulowa topeni. Fundi viatu aliibandika na kuishona kwa shilingi 150, na imeshika hadi leo baada ya mazoezi 6 ya mlimani. Matundu ya skrubu yako salama kwa sharti moja: misumari hutolewa kila baada ya matumizi, udongo ukachokolewa kwa kijiti cha meno, na kila uzi wa skrubu ukapakwa mafuta ya mgando kabla ya kurudishwa. Nikikumbuka jinsi ile ya zamani ilivyoganda, sijawahi kuruka hatua hiyo. Viatu vyenyewe huoshwa kwa maji baridi na kujazwa magazeti kivulini, kwa kuwa jua la mchana hukausha gundi ikapasuka.

Miguu nayo ilikuwa na malalamiko yake. Kwa siku 3 nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nikiwa nimeshika ukuta, na utingo mmoja wa matatu alinipa mkono wa kunisaidia kushuka bila kuombwa. Chanzo ni kile kisigino chembamba, ambacho huuacha mzigo wote kwenye mashavu ya miguu na kano la kisigino. Nilikuwa nimevivaa mara 2 tu kabla ya mbio, tena kwa muda mfupi. Zingekuwa mara 6 au 7, zikianza na dakika 10 kwenye nyasi tambarare na kuongezwa kidogokidogo, nadhani maumivu yangekuwa nusu.

Kwa jumla nimetumia shilingi 2,650, yaani viatu, misumari, fundi wa baiskeli na fundi viatu, na naziona kuwa fedha zilizotumika vizuri kwa mtu anayekusudia kukimbia nyika zaidi ya mara moja katika msimu, kwenye nyasi zenye unyevu na miteremko ya kweli. Kwa anayekwenda mara moja tu, kwenye uwanja mkavu au wenye murram nyingi, raba yenye meno ya kina ya kukimbilia milimani itamtosha na haitampinda goti. Anayevitaka kwa ajili ya kupanda namshauri azihifadhi fedha zake na kutafuta kilima cha kufanyia mazoezi. Na anayenunua mitumba ahakikishe kwanza kwamba kila tundu linapokea msumari kwa mkono, mizunguko 2 au 3 bila kulazimishwa, hapo hapo sokoni, hata kama itambidi abebe msumari mmoja mfukoni na kumjulisha muuzaji kwamba hizo si njumu za mtoto.

Misumari 4 iliyolika nimeihamishia kwenye matundu ya nyuma, ambako haifanyi kazi kubwa, na mipya 5 nimenunua ikiwa pamoja na ule uliopotea. Nimenunua na kiufunguo kingine, nikakifunga kwa uzi kwenye zipu ya mkoba, kwa sababu cha kwanza kilibaki Limuru mahali fulani ndani ya zile nyasi.